Usiache Mbachao: Maoni Yangu Juu ya Magodoro ya Upepo



Muhula ujao skauti wa shule yetu watafunga safari tena, kwa miguu, kutoka Nachingwea hadi Ruangwa, mwendo wa siku tatu kwa kulala njiani mara mbili. Karatasi ya vitu vinavyotakiwa imekwisha kubandikwa ubaoni. Humo mmetajwa sahani, kikombe, blanketi, chandarua na tochi, na mwisho kabisa pameandikwa: godoro jepesi la upepo, moja kwa kila mwanafunzi. Ni mstari huu wa mwisho ulionifanya nishike kalamu.

Kwa wale wasiolijua, godoro la upepo la wasafiri ni mfuko wa nailoni uliopakwa plastiki ili usivujishe hewa. Jioni hupulizwa ukajaa na kunyanyuka vidole vitatu au vinne kutoka ardhini, hata zaidi. Asubuhi hutolewa hewa, ukakunjwa ukawa mdogo kama chupa ya maji. Yaliyo mepesi kweli yana uzito wa gramu 350 hadi 600 tu. Kwa mtu atakayebeba chakula chake, maji yake na nguo zake mgongoni, hiyo si faida ndogo, wala mimi siidharau.

Wala sisemi kwa husuda, kwa maana mimi mwenyewe ninalo. Mwaka jana baba alipolipwa fedha za ufuta, nilimwomba na akaninunulia katika duka moja mjini. Lilikuwa la rangi ya buluu, zuri la kupendeza, nami nililionyesha bweni zima. Hatukuuliza lolote ila bei yake. Mwezi wa Agosti tukaondoka. Usiku wa kwanza tulipiga kambi mahali palipochomwa moto siku chache nyuma. Kila mtoto wa huku ajua kwamba nyasi zikiungua huacha visiki vifupi vikali kama sindano. Mimi nilijua, lakini godoro langu halikujua. Saa sita ya usiku niliamka mfupa wa nyonga umegusa ardhi, na godoro limelala chini yangu kama chapati. Nikapuliza, nikalala, nikaamka tena. Nilifanya hivyo mara nne mpaka jogoo wa kijiji cha jirani akawika.

Siku ya pili tulipita kijijini, nikalipeleka kwa fundi wa baiskeli. Mzee yule alilitumbukiza ndani ya karai la maji, akaona mapovu, akapaka solusheni na kubandika kiraka kama anavyofanya kila siku kwa tyubu. Kiraka kikashika mbele ya macho yetu. Usiku kikabanduka. Fundi hakuwa na kosa: solusheni ile imetengenezwa kwa ajili ya mpira, na godoro langu halikuwa la mpira. Basi nililala nusu ya mkeka wa rafiki yangu, mkeka wa ukindu uliosukwa na bibi yake, chini yake tumetandika nyasi kavu. Siku ya tatu miguu ilikuwa mizito kwa kukosa usingizi hata wenzangu wawili wakagawana mzigo wangu. Tuliingia Ruangwa, mimi wa mwisho, sina kitu mgongoni ila godoro la buluu lisilo na hewa. Aibu ile ndiyo iliyonifundisha ninayoyaandika hapa.

Huenda mzazi mmoja akasema: "Watoto wa siku hizi wamedeka. Sisi tulilala chini na hatukufa." Kwa heshima, mzee wangu, sivyo. Hata ninyi hamkulala chini. Mlilala juu ya mkeka, na chini ya mkeka mliweka majani, na mlikuwa na sababu. Mwili wa mtu una joto kuliko ardhi ya usiku, na joto hutoka palipo na moto likaenda palipo na baridi mradi vitu viwili vimegusana. Blanketi tunalolilalia hugandamizwa na uzito wetu, hewa iliyomo ndani yake hutoka, nalo halizuii tena kitu. Kinachozuia ni hewa iliyotulia. Nyasi kavu za bibi hushika hewa hiyo, na godoro la upepo hushika hewa hiyo hiyo. Mkubwa na mdogo wote wawili wanafanya kazi moja. Tofauti ni kwamba nyasi hazipati pancha.

Basi mtu akitaka kununua godoro la upepo, aulize nini? Mimi nasema: kabla ya kumwuliza mwenye duka, aiulize ardhi atakayolalia. Na ardhi yetu ina majibu manne.

Jibu la kwanza ni la baridi. Watengenezaji hupima uwezo wa godoro kuzuia baridi ya ardhi kwa kipimo kiitwacho R, na tangu mwaka 2018 upo utaratibu mmoja wa kukipima, uitwao ASTM F3340, hata namba za viwanda vinavyoufuata zaweza kulinganishwa. Anayekwenda kulala karibu na kilele cha Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895 ambako maji huganda, ataka R ya 4 au zaidi, na atailipia. Sisi wa Nachingwea na Ruangwa hatuna barafu. Hata katika baridi ya Juni na Julai, R ya 1 au 2 pamoja na blanketi yatutosha. Anayenunua zaidi ya hapo ananunua joto la nchi nyingine.

Jibu la pili ni la miiba. Unene wa nyuzi za kitambaa hupimwa kwa denia, nayo ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Magodoro mepesi kupita yote hushonwa kwa nyuzi za denia 20 au 30. Hayo yanafaa ndani ya hema lenye sakafu nzuri, juu ya majani laini. Huku kwetu, penye visiki vya nyasi, miiba na vijiti vikavu vya mikorosho, afadhali upande wa chini uwe na denia 40 au zaidi, hata kama uzito utaongezeka gramu 100. Gramu 100 ni uzito wa chungwa dogo moja hivi. Usingizi wa usiku mzima una thamani kuliko hilo.

Jibu la tatu ni la ufundi. Godoro lisilo na viraka vyake lenyewe na gundi yake lenyewe lisinunuliwe, kwa maana mbali na mji hatutavipata. Likinunuliwa, lijazwe hewa nyumbani na kulaliwa usiku mmoja kabla ya safari, kisha lipakwe maji ya sabuni ili tuone kama pana mapovu. Mimi sikufanya hivyo.

Jibu la nne ni la jua. Wenzangu mliosoma habari za gesi mnajua kwamba hewa ikipata joto hutanuka na ikipoa hunywea. Kwa hiyo godoro lililojazwa sana saa kumi ya jioni litalegea kidogo alfajiri hata kama halina tundu, na mtu asidhani limetoboka. Tena godoro lililojazwa pomoni likaachwa juani saa sita ya mchana laweza kupasuka mishono yake. Na heri lijazwe kwa mfuko wa kupulizia kuliko kwa mdomo, maana pumzi yetu ina unyevu, na unyevu uliofungiwa ndani huleta ukungu.

Mtu atauliza: je, hakuna njia ya katikati? Ipo. Upo mkeka wa sponji ngumu isiyonyonya maji, wa uzito wa gramu 400 hivi, nao wafikia R ya 2. Hautobokei hewa ikaisha, haupulizwi, na hata ukikatwa katikati kila kipande chafanya kazi. Ubaya wake ni mmoja: haukunjiki ukawa mdogo, hufungwa nje ya mkoba kama mkungu wa ndizi. Kwa mwanafunzi wa kawaida, katika safari yetu hii, naona huo ni bora kuliko godoro la upepo la bei rahisi.

Labda mtaona nimelikuza jambo dogo. Lakini mji wetu huu wajua vizuri, kuliko miji mingi, hasara ya kuleta kifaa kabla ya kuiuliza ardhi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Uingereza ilikusudia kulima karanga Tanganyika kwa mashine kubwa, na Nachingwea ilikuwa mojawapo ya mahali patatu palipochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Kazi ilianza mwaka 1947. Hata vifaru vya vita viligeuzwa matrekta. Bandari ya Mtwara ilijengwa, na reli ikaletwa mpaka huku. Lakini kazi ilikwenda kwa haraka, udongo na mvua havikuchunguzwa ipasavyo, mashine zikavunjika, na Januari ya mwaka 1951 mpango ule ukaachwa baada ya kula paundi milioni 36 hivi. Reli nayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Leo tunayo kata iitwayo Stesheni, lakini hatuna treni. Wakati huo huo mkulima wa Kimwera alikuwa na jembe lake dogo, naye alijua ni udongo upi wa karanga na upi wa mtama. Hakuna aliyemwuliza. Sisemi kwamba trekta ni kitu kibaya, la. Nasema kwamba kifaa chema mahali kisipofaa ni hasara tu.

Sasa nirudi kwenye karatasi iliyo ubaoni. Mstari ule wa mwisho unanitia wasiwasi kwa sababu kubwa kuliko miiba. Wazazi wengi wa huku hupata fedha zao kwa misimu, minada ya ufuta au ya korosho inapofunguliwa, na fedha hizo zina kazi nyingi zinazozingojea: sare, madaftari, bati la nyumba, dawa. Mwanafunzi atakayesoma mstari ule na kujua kwamba nyumbani hakuna godoro la upepo hatasema neno. Ataliondoa jina lake kimya kimya, na atakapoulizwa atasema kwamba hapendi kambi. Nimekwisha kumsikia mmoja akisema hivyo wiki hii, na ni yule yule aliyenigawia nusu ya mkeka wake mwaka jana. Je, ni haki aliyelala vizuri abaki nyumbani, na mimi niliyelala juu ya chapati niende?

Kwa hiyo natoa maoni matatu, nami nawaomba walimu wetu wa skauti wayafikirie.

Kwanza, mstari ule ufutwe, na mahali pake paandikwe: kitu cha kulalia, chepesi, kinachoweza kubebwa na mwenyewe. Mkeka ni kitu cha kulalia. Gunia safi lililotiwa nyasi kavu ni kitu cha kulalia.

Pili, kama shule ina fedha kidogo za kambi, isinunue magodoro mengi ya bei rahisi yatakayokufa safari ya kwanza. Inunue machache yaliyo imara, kwa majibu yale manne niliyoyataja, yawekwe stoo, yaandikwe katika daftari, yaazimwe. Kwanza wapewe wale wenye haja, kama mwenzetu mwenye maumivu ya mgongo au aliyetoka kuugua, kisha wengine kwa zamu.

Tatu, kila mwenye godoro la upepo atandike mkeka chini yake. Hili ndilo nililojifunza mwisho, na ndilo jepesi kuliko yote. Mkeka hupokea miiba, godoro hupokea mifupa, na wawili hao hukaa pamoja bila ugomvi. Kabla ya kutandika, apapase ardhi kwa kiganja, aondoe visiki na mawe, na atazame kama hapana njia ya siafu. Dakika tano za kupapasa zaokoa usiku mzima.

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, na msala ni mkeka mzuri wa kuswalia. Zamani nilidhani methali hii yawakataza watu vitu vipya. Sasa naona haikatazi. Yasema tu kwamba msala ule unapita, na usiku ukifika utahitaji kitu kilichobaki. Godoro langu la buluu nimekwisha kulipatia kiraka chake cha halali, nami nitalichukua safari hii. Lakini mkeka ndio nitakaoufunga kwanza, na ni mpana wa kutosha watu wawili. Natumaini rafiki yangu atakuwapo tuulalie pamoja, ili nimlipe deni lake.