Wananchi Wote ni Wepi?

Ziko sentensi zilizorudiwa mno madarasani hata hakuna azichunguzaye tena. Mojawapo ni hii: katika Athens ya kale wananchi wote walishiriki kutawala. Kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu niliikuta vitabuni na katika madaftari ya wanachuo. Si kweli, na mwalimu anayeiacha ipite anafundisha uongo.

Tuutazame ukweli. Nawaacha kando watumwa na wageni, ambao nao hawakuwa na sauti. Mwanamke mzaliwa wa Athens hakupiga kura wala hakuketi barazani. Tangu utoto hadi uzee alikuwa chini ya msimamizi wa kiume: baba, kisha mume, kisha mwanawe au ndugu. Sheria haikumruhusu kufanya mapatano ya mali inayozidi thamani ya kipimo kimoja cha shayiri, yapata lita 50. Baba akifa bila mtoto wa kiume, jamaa wa karibu wa kiume alikuwa na haki ya kumdai binti amwoe, ili mali isitoke katika ukoo.

Kisha ikaja sheria ya Pericles ya mwaka 451 K.K. Iliamuru kwamba raia ni yule tu ambaye baba na mama yake wote ni wenyeji wa Athens. Ajabu iliyoje! Mama alihitajika ili mwanawe apate kura, ila yeye mwenyewe hakupewa.

Watakuwapo watakaonijibu: "Mwalimu, usiwahukumu watu wa kale kwa mizani ya leo." Jibu hilo lingekuwa na uzito kama Wagiriki wote wangeishi hivyo. Katika mji wa Gortyn, kisiwani Krete, sheria zilizochongwa kwenye mawe katika karne hiyohiyo ya tano K.K. zilimpa binti urithi, nusu ya fungu la kaka yake, na mke aliyeachika aliondoka na mali yake. Huko Sparta, Aristotle alilalamika baadaye, karibu mafungu mawili kati ya matano ya ardhi yalikuwa mikononi mwa wanawake. Sparta haikuwa pepo, maana iliwakandamiza vibaya wakulima wake wa kitumwa. Lakini miji hii ilikuwa na miungu ileile na lugha moja. Na palepale Athens, katika karne ya nne K.K., Plato aliandika kwamba wanawake wenye uwezo wafunzwe na watawale pamoja na wanaume. Wazo lilikuwapo. Kilichokosekana ni nia.

Sisemi tuache kuisoma Athens. Mabaraza na mahakama zake yana mengi ya kutufunza. Ninachodai ni kwamba kila mwalimu atamkapo "wananchi wote", aulize papo hapo: wepi hao? Darasani wamo wasichana wanaosikiliza. Wamo pia wavulana, na mvulana aliyezoeshwa kusema "wote" akiwa na maana ya wanaume atalitumia neno hilo vivyo hivyo siku atakapokuwa mwenyekiti wa kijiji.