Maneno ya Kale ya Kiingereza na Maana Zake

Msomaji wa Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 hukuta humo kwamba wanafunzi wa Yesu walipita mashambani siku ya sabato wakavunja masuke ya “corn”. Aliyejifunza kwamba “corn” ni mahindi atadhani kuwa Wagalilaya walilima mahindi. Sivyo. Mahindi yalitoka Amerika, wala hayakujulikana ng’ambo ya huku kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Kwa Mwingereza wa zamani “corn” ilikuwa nafaka yo yote, iwe ngano au shayiri. Wamarekani ndio walioifanya kuwa mahindi peke yake.

Kosa hilo halimdhuru mtu. Lakini liko lingine lizito zaidi. Katika waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, mlango wa 4, Biblia hiyo hiyo yatumia neno “prevent” juu ya watu watakaokuwa hai Bwana atakapokuja na wale waliokwisha kulala mauti. Leo neno hilo maana yake ni kuzuia, na asomaye hivyo atafikiri kwamba walio hai wangeweza kuwazuia wafu wasifufuke. Zamani maana yake ilikuwa kutangulia, kama asili yake ya Kilatini, na waliofasiri Biblia kwa Kiswahili waliandika kutangulia.

Ni nani basi ajuaye neno lilikuwa na maana gani mwaka fulani? Waingereza walishughulika sana na jambo hilo. Mwaka 1857 chama cha wataalamu wa lugha huko London kiliazimia kukusanya maneno ambayo kamusi za wakati ule ziliyaacha, na kutokana na azimio hilo ikazaliwa kamusi kubwa ya Oxford. Mwaka 1879 kazi ilikabidhiwa James Murray, mwalimu wa shule. Alijenga kibanda cha mabati, akakijaza vikaratasi vilivyoletwa na watu wa kujitolea, kila kimoja kikiwa na sentensi iliyonakiliwa kitabuni pamoja na mwaka wake. Hivyo maana haikukisiwa, bali ilithibitishwa kwa ushahidi, kama barazani. Ilidhaniwa kuwa kazi itakwisha kwa miaka kumi. Baada ya miaka mitano walikuwa wamefika neno “ant” tu, yaani chungu! Murray alikufa mwaka 1915, na kamusi ikamalizika mwaka 1928.

Makarani watapenda kujua asili ya jina lao. “Clerk” hapo kale alikuwa mtu wa kanisa, kasisi au shemasi, kwa kuwa katika Uingereza ya zamani waliojua kusoma na kuandika walikuwa karibu wote watu wa kanisa. Mahakama za mfalme hazikuwa na ruhusa ya kuwanyonga watu hao, na kipimo cha kuwatambua kikawa kusoma. Mshtakiwa alipewa mstari wa Zaburi ya 51. Akiusoma, aliokoka kitanzi, na kwa hiyo watu wakauita mstari wa shingo. Mwaka 1598 Ben Jonson, mtungaji wa michezo wa zama za Shakespeare, alimwua mtu kwa upanga. Alisoma, akaachiliwa, lakini alitiwa chapa ya moto katika kidole gumba ili asiitumie haki hiyo mara ya pili. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1827. Ni wachache waliopata faida kubwa kama hiyo kwa kujua kusoma!

Kwa mkulima, maneno ya kuangaliwa ni yale ya mali na deni. “Cattle” na “chattel” ni neno moja lililoingia Uingereza kwa njia mbili za Kifaransa, na shina lake ni neno la Kilatini lenye maana ya mtaji. Mwanzoni “cattle” ilikuwa mali yote iwezayo kuhamishwa. Ikapungua ikawa mifugo ya kila namna, hata kondoo na nguruwe. Mwisho ikabaki ng’ombe. “Chattel” ilibaki kwa wanasheria na maana yake pana. Nchini Kenya palikuwa na sheria ya Chattels Transfer hadi ilipofutwa mwaka 2017, na mkopaji aliyedhani kwamba neno hilo lahusu vyombo vya nyumbani tu angeweza kushangaa kuona ng’ombe wake na mazao yake yaliyo shambani yamo katika rehani. Kiswahili nacho kina mfano wake: “fedha” kwa asili ni ile madini nyeupe, na leo hata noti ya karatasi ni fedha.

“Mortgage” yatisha zaidi, kwani kwa Kifaransa cha kale ni rehani iliyokufa. Mwanasheria Edward Coke alieleza mwaka 1628 kwamba mdaiwa asipolipa, shamba limekufa kwake. Na akilipa, rehani imekufa kwa mkopeshaji. Kwa vyo vyote hapana budi kitu kimoja kife.

Tena kuna “acre”, iliyozaa eka ya Kiswahili. Zamani lilikuwa shamba tu, lisilo na kipimo. Baadaye likawa kiasi cha ardhi ambacho ng’ombe wa jembe waliweza kulima kwa siku moja, na siku ya ng’ombe wanene si sawa na siku ya ng’ombe waliokonda. Ilibidi sheria iingilie, na eka ikawekwa kuwa yadi 4,840 za mraba, ambazo ni futi 43,560. Thumuni yake ni futi 5,445. Kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho wauzaji wengi nchini Kenya hukiita thumuni ya eka, kina futi 5,000 tu. Mnunuzi aliyelipia thumuni kamili amepunjwa futi 445 za mraba, nafasi ya kutosha chumba kikubwa na jiko lake.