Shilingi 5,344 za Kila Mtoto

Wananchi wa Rangwe,

Julai 2025 Waziri wa Fedha, Mheshimiwa John Mbadi, aliiambia kamati ya elimu ya Bunge kwamba Hazina haimudu Sh 22,244 zilizoahidiwa kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili kwa mwaka. Kiasi kilichotengwa kilikuwa takriban Sh 16,900. Upungufu ni Sh 5,344. Shule yenye wanafunzi 300 hukosa Sh 1,603,200, na muuza chaki hapokei ahadi.

Hizo fedha hutoka wapi? Hutoka kwa mama anayeuza njugu sokoni Rangwe, kwa jina la mchango wa hiari ambao mtoto hurudishwa nyumbani usipolipwa. Twaujua mchezo huu tangu 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa na wazazi wakaachiwa kujenga karakana kwa harambee. Mwaka 1988 ulikuja ugawanaji wa gharama. Mtaala wa umilisi nao ulianza kote nchini 2019, ukafika Gredi ya 7 mwaka 2023 na Gredi ya 10 Januari 2026. Kila mara mageuzi hutangazwa kwanza, bajeti ikafuata ikichechemea.

Hata kidogo kinachotengwa hakifiki kwa wakati. Shule hufunguliwa Januari na zilipaswa kupata nusu ya mgao wao muhula huo, ilhali mwaka wa Serikali huanza Julai. Mwalimu mkuu hukopa unga na maharagwe dukani, kisha hujificha akimwona mwenye duka.

Mheshimiwa Mbadi ni mwana wa Homa Bay. Alikuwa Kiongozi wa Wachache Bungeni, kisha akaongoza kamati ya hesabu za umma hadi alipoingia Hazina Agosti 2024. Hatumlaumu kwa kusema kweli. Twauliza tu: mkaguzi akishakabidhiwa ufunguo wa sanduku, nani amkague? Kifungu 2A kilifutwa Desemba 1991 ili Serikali isikose wa kuihoji.

Ibara ya 53 ya Katiba humpa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo. Haikusema "fedha zikipatikana".

Kwa hiyo twazitaka bodi za shule za Kochia, Kagan, Gem Mashariki na Gem Magharibi zibandike ukutani, kila muhula, fedha zilizoahidiwa, zilizofika na tarehe zilipofika. Nakala apelekewe Mbunge wetu kabla ya bajeti kusomwa Juni.