Usifute Linux kwa Ajili ya Mazoezi ya Mtihani

Imani hii imeota mizizi kwa wanafunzi na kwa mafundi wanaowahudumia: programu ya mazoezi ya mtihani ikigoma kufunguka kwenye Linux au Mac, basi kompyuta yako haifai kwa masomo. Dawa ni ileile siku zote. Ifomatiwe, ipigwe Windows, aghalabu nakala isiyo na leseni, na faili ambazo hukuzihifadhi pembeni ndiyo zimekwenda. Ushauri huu ni mbovu, na wanaoumia zaidi ni wenye kompyuta za mtumba.

Faili la .exe, yaani programu ya Windows, haligomi kwa sababu Linux au Mac ni dhaifu. Limeandikwa likitegemea huduma za Windows: kufungua dirisha, kuchora herufi, kusoma diski, kila kitu kikiombwa kwa namna ambayo Windows pekee inaielewa. Aliyeamua kuandikia mfumo endeshi mmoja ni mtengenezaji. Mwanafunzi hakuulizwa, ila gharama anabebeshwa yeye.

Tazama GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili. Mtihani huo ulipofanyiwa marekebisho mwaka 2011, ETS, shirika linaloutoa, ilitoa mazoezi ya POWERPREP II kama programu ya kusakinisha, na mwanzoni mwenye Mac aliachwa nje. Leo POWERPREP Online inafanyika kwenye kivinjari. Hapo katikati kompyuta za wanafunzi hazikuponywa ugonjwa wowote. Waliobadili msimamo ni ETS.

Na pale programu inapobaki kuwa ya Windows tu, njia zipo. Wine, mradi ulioanza mwaka 1993, hupokea maombi ya programu ya Windows na kuyajibu kwa huduma za Linux au Mac, bila Windows yenyewe kuwepo. Si kila programu itakubali, lakini nyingi za maswali ya kuchagua jibu ni nyepesi, kwa hiyo anzia hapo. Ikishindikana, VirtualBox ni ya bure na itakuwekea Windows ndani ya dirisha la Linux, mradi una RAM ya kutosha na leseni. Mwenye Mac ya M1 au ya baadaye asidanganywe na habari za Boot Camp, zana ya Apple ya kusakinisha Windows kwenye Mac. Kwenye chipu za Apple haipo.

Wanaonipinga wana hoja moja ya kweli, nayo ni siku ya mtihani wenyewe. Programu nyingi za kusimamia mtihani hukagua kama zinaendeshwa ndani ya kompyuta bandia, kama ile ya VirtualBox, na zikigundua hivyo hukataa. TOEFL, mtihani wa Kiingereza, ikifanyiwa nyumbani inataka Windows au Mac, na Chromebook haikubaliwi. Sawa, siku hiyo azima mashine au nenda kituoni. Haja ya saa chache haihalalishi kufuta mfumo unaousomea mwaka mzima.

Tena hiyo Windows inayopigwa ni ipi? Microsoft ilimaliza muda wa kawaida wa kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. Fundi anakuondolea mfumo unaopata masasisho ya usalama na kukuachia usioyapata tena kwa kawaida, kisha anakudai ujira.

Kabla ya kulipia programu yoyote ya mazoezi, muulize muuzaji inaendeshwa kwenye mfumo gani. Akijibu Windows tu, mdai toleo la kivinjari. Kama hana, peleka pesa yako kwingine.