Mbona hamsevu setingi zenu?

Wasee, leo naongea hadubini. Ndiyo, mimi yule mliyezoea kuona nikishuti nduthi hapa Ruiru.

Kabla niache chuo, hadubini yenye kamera ilikuwa moja, foleni kama ya mat za Thika jioni. Jumatatu napiga picha za seli zangu, Alhamisi narudi kumbe mtu ameongeza muda wa kamera kupokea mwanga. Sikucheki. Seli ziling'aa, nikashangilia eti dawa imeshika. Dawa wapi! Wiki sita za kazi, na hakuna picha mbili ningeweza kulinganisha.

Na programu yenyewe, Micro-Manager, ni ya bure. Unatengeneza kikundi, unachagua kitakachoshikwa ndani: shata, kichujio, muda wa kamera. Unakipa jina, say "kijani_100". Kesho unachagua jina hilo na vyote vinarudi pamoja. Kisha sevu faili ya konfigi kwa flashi yako, si kwa desktop ya kila mtu. (Taa ikizeeka mwangaza hushuka, hiyo faili haitakuokoa.)

Mtaniambia ningeandika kwa kitabu. Niliandika! Lakini kitabu hakizungushi kichujio, na saa mbili usiku mkono unakosea.

Kwangu hii ingefunzwa siku ya kwanza, kabla ya slaidi. Sisi tulifunzwa kupangusa lenzi tu.

Siku hizi kamera yangu ina C1 ya jua la stage na C2 ya kinyozi usiku, Thika. Nazungusha kidude, naendelea. Faili yako wewe iko wapi?