Tusisingizie Bahari



Wengi wetu tuna jamaa Lushoto. Tukienda kuwatembelea wakati wa likizo, siku ya kwanza huwa ya aibu. Tunapanda kilima kidogo tu tunahema, na watoto wa kule wanatupita wamebeba kuni kichwani huku wanacheka. Tukirudi Nguvumali tunasema, "Wale wana mapafu ya milimani, sisi watu wa pwani ndivyo tulivyo." Na ushahidi wetu ni Filbert Bayi wa Karatu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974.

Sisi hatuikubali kauli hiyo.

Oksijeni ni kama asilimia 21 ya hewa, Tanga na Lushoto sawasawa. Lakini mtu akipanda juu, hewa inakuwa nyepesi. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hivyo pumzi moja ya kule ina oksijeni pungufu kwa kama asilimia 15 kuliko ya hapa kwetu. Qur'ani Tukufu nayo, katika Suratul An'aam aya ya 125, imefananisha kifua kinachobana na hali ya mtu anayepanda mbinguni. Mgeni hupumua haraka na moyo huenda mbio. Akikaa wiki kadhaa, damu yake huongeza chembe nyekundu zinazobeba oksijeni. Vijana wanaokulia juu sana, kama katika milima ya Andes kwenye zaidi ya mita 3,000, huwa na vifua vipana na mapafu yanayochukua hewa nyingi zaidi. Kwa urefu wa Lushoto tofauti hiyo ni ndogo.

Kwa hiyo sisi hatukunyimwa kitu. Hicham El Guerrouj wa Moroko alizaliwa Berkane, uwanda wa chini karibu na bahari. Mlima aliufuata Ifrane kwa mazoezi, hakuzaliwa nao, na mwaka 1998 akaweka rekodi ya dunia ya mita hizo hizo 1500.

Kinachotuharibia ni moshi. Mapafu huendelea kukua mpaka mwisho wa ujana. Anayevuta sigara katika umri wetu huyadumaza, na miaka hiyo hairudi. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha nao unawaumiza mama na dada zetu, Lushoto na hapa pia. Sheria ya tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, lakini nani kati yetu hakijui kibanda kinachouza mojamoja bila kuuliza umri?

Rai yetu ni hii: tuikatae sigara na shisha, tumfungulie mama dirisha la jikoni, na tukimbie jioni baada ya Alasiri. Likizo ijayo, inshaallah, tutapanda tena Lushoto. Tutahema, lakini tutafika.

Wabillahi tawfiq.