Kliniki ya meno si duka la kanga

Wafanyabiashara wenye akiba, kuanzia Magogoni hadi Kariakoo, wanaofikiria kuingia ubia na daktari wa meno hawana budi kuuliza swali moja kabla ya kuulizia faida: daktari atalipwa kwa msingi gani?

Tiba binafsi ya kibiashara ilipigwa marufuku nchini kwa sheria ya 1977. Marekebisho ya 1991 ndiyo yaliyowaruhusu madaktari wa tiba na wa meno wenye sifa kuendesha tena huduma zao. Hata hivyo, kiti cha meno, mashine ya eksirei na kodi ya pango katikati ya jiji ni mzigo mzito kwa daktari mmoja. Ndipo mwenye mtaji anapokaribishwa, na hilo si kosa. Anayejua kutunza daftari, kununua vifaa kwa bei nafuu na kulipa mishahara kwa wakati humpa daktari nafasi ya kutibu.

Kosa huanza mwenye mtaji anapotia mkono kinywani mwa mgonjwa, yaani anapopanga idadi ya meno ya kuzibwa kwa siku.

Mfano mchungu unatoka Marekani. Mwaka 2006 benki ya Arcapita ya Bahrain iliongoza ununuzi wa FORBA, kampuni iliyosimamia kliniki za watoto za Small Smiles. Mlipaji mkubwa alikuwa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mwaka 2010 FORBA ilikubali kulipa dola milioni 24 kumaliza madai kwamba iliitoza serikali kwa tiba zisizohitajika, zikiwamo za kutoa viini vya meno ya utotoni na kuyavisha vifuniko. Mwaka 2012 kampuni hiyo, kwa jina jipya, iliomba hifadhi ya mufilisi. Ripoti ya maseneta ya 2013 ilieleza kuwa madaktari walioitwa wenye kliniki walikuwa wamiliki wa jina tu. Mwaka 2014 ilifungiwa fedha za Medicaid kwa miaka 5.

Mnunuzi wa kanga huishika, huigeuza, kisha huulizia duka la jirani. Mwenye jino hawezi kujichungulia. Akiambiwa matatu yameoza, hulipia matatu. Bima nayo hulipa kwa kuamini karatasi ya daktari. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inalenga kuwaingiza wananchi wote katika bima, hivyo kishawishi kitakua.

Kwa hiyo mkataba wa ubia useme wazi: daktari alipwe mshahara, si kwa hesabu ya meno, uamuzi wa tiba uwe wake peke yake, bei zibandikwe ukutani, mgonjwa aelezwe gharama kabla ya ganzi. Faida itakuja polepole. Lakini mwekezaji mdogo, asiye na fungu la kulipia kesi, ndiye wa kwanza kupoteza mtaji kliniki inapofungiwa.